Kitabu cha Mia Mia

Siku Msanii alipokuja kutuambia anataka kuichukua timu yetu, alifika na kiti chake. Kiti cha plastiki, cheupe. Kijana mmoja alikibeba kutoka kwenye gari mpaka kando ya uwanja, akakipangusa vumbi, Msanii akakaa. Sisi wengine tulikuwa juu ya mawe na mitungi ya maji, kama kila Jumapili. Wasee wengi wa timu watakuambia mjadala ulianza na pesa. Mimi nasema ulianza na kile kiti.

Jina lake sitalitaja. Ukiwa mtu wa Kibera utamjua tu. Alikulia Gatwekera, akarekodi ngoma zake za kwanza kwenye studio ya mabati iliyokuwa ikizima kila stima ikipotea, akaomoka, akahamia Kileleshwa. Hajawahi kuona haya kusema ametoka wapi. Hilo nalisema mapema, kwa haki, kwa sababu kuna mahali hapa chini nitaonekana kama namchukia.

Timu pia sitaitaja. Ni timu kama nyingine ishirini za mtaa: tuko ligi ya chini kabisa, ile ambayo mwenyeji ndiye hununua chokaa ya kuchora laini na maji ya refa. Tukipata nafasi tunacheza Woodley. Tukikosa tunacheza Kamukunji, ile ya Kibera, ambapo mpira ukipigwa nje unaweza kurudi na tope ama usirudi kabisa. Mimi ni mweka hazina. Sijawahi kupiga hata danadana tatu. Nilipewa kazi hiyo 2019 kwa sababu nilikuwa nimemaliza fomu foo, sina kazi, na mwandiko wangu unasomeka. Nikapewa kitabu cha kurasa 120, jalada la bluu. Kila mwanachama anatoa mia moja kwa mwezi. Mtaani kinaitwa kitabu cha mia mia.

Sasa Msanii akiwa kwenye kiti chake akasema, "Wasee, mnamjua Stormzy? Stormzy alinunua timu ya mtaa wake."

Ni kweli. Mwaka 2023 Stormzy na Wilfried Zaha, pamoja na rafiki yao, walichukua AFC Croydon Athletic, timu ndogo ya ligi za chini kusini mwa London, upande uleule waliokulia. "Kama Croydon inaweza, kwani Kibera iko na shida gani?" Akatoa hesabu yake. Jezi seti mbili. Viatu kwa kila mchezaji. Nauli ya mechi za mbali. Ada ya ligi. Kitu kidogo kila mwezi kwa kocha, ambaye kwa miaka yote hiyo amekuwa akilipwa kwa chai na shukrani.

Halafu masharti. Timu isajiliwe kama kampuni yake. Jina libadilike, liwe jina la lebo yake ya muziki. Na maamuzi yapitie kwa meneja wake. Akatupa wiki tatu. Akainuka, kijana akabeba kiti, wakaenda.

*

Jioni hiyo hakuna aliyeenda kejani mapema. Tulijaa kwa mama wa chapati pale karibu na reli, na kila mtu alikuwa mchambuzi.

Wachezaji walikuwa wameshakubali hata kabla ya kuketi. Straika wetu ndiye aliyesema kwa sauti. "Mimi nacheza na viatu nilivyokopa. Nikivirarua nalipa. Na nyinyi mnaniambia historia ya timu. Historia utaikula na sukuma?"

Akatutolea mfano wa Wrexham. Kama umeangalia ile tamthilia ya kweli yao unajua: waigizaji wawili, Ryan Reynolds na Rob McElhenney, walichukua timu ya Wales iliyokuwa imezama, na sasa dunia nzima inaijua. "Walikuwa masela tu kama sisi. Wakapata watu maarufu. Shida iko wapi?"

Fundi wa viatu, mzee aliyeanzisha timu na wenzake ambao wengi wamelala Lang'ata, hakujibu haraka. Alimaliza chapati yake kwanza. "Mimi niliona kiti," akasema. "Mtu anayekuja kununua nyumba yako, akija na kiti chake, ameshakuambia kwamba viti vyako havimtoshi."

Watu wakacheka, lakini wale wakubwa hawakucheka. Wao walikumbuka zile jezi.

Nilikuwa bado shule. Mtu mmoja aliyekuwa akitafuta kura alituletea jezi za manjano zenye uso wake kifuani. Tukamwimbia, tukamchezea kombe lake, tukapiga picha. Akaanguka kwenye kura. Wiki iliyofuata vijana wake walikuja asubuhi na gunia. Jezi zilikuwa kwenye kamba, zimefuliwa, na zilianuliwa zikiwa bado zinadondosha maji. Mechi ya Jumapili hiyo tulicheza na fulana za shule, wengine nyeupe, wengine za bluu, na refa akatucheka kabla ya kupuliza filimbi.

"Yule alikuwa mwanasiasa," straika akasema. "Huyu ni mtu wetu."

"Na yule alikuwa wa nani?" fundi akauliza.

Kocha alinyamaza usiku mzima. Baadaye nikaelewa kwa nini. Ukiwa ndiye utakayelipwa, ukisema ndiyo unaonekana una njaa, ukisema hapana mke wako atakuuliza.

*

Nyumbani kwetu mpira si mchezo wa kuangaliwa tu. Baba ni Mjaluo wa Kibera, K'Ogalo damu. Mathe ni Mluhya, amekulia Kawangware, na kwao ni Ingwe tangu babu. Ile mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards inaitwa debi ya Mashemeji, na watu wengi wanadhani ni jina la kubandika tu kwenye mabango. Kwetu ni ratiba ya familia. Siku ya mechi Baba na anko hawapigiani simu mpaka mpira uishe, na baada ya hapo aliyeshinda ndiye hupiga, anauliza, "Shemeji, mmelalaje?" hata kama ni saa kumi na mbili jioni.

Nilipomweleza Baba habari ya Msanii, alifurahi kuliko nilivyotarajia. Akaanza kuniambia mambo ya Watford.

"Watford ya John Barnes. Unajua ilikuwa ya nani? Elton John."

Baba alikuwa akinunua magazeti ya zamani ya mpira kwa wauza mitumba, na kichwa chake ni kabati. Elton John alikuwa shabiki wa Watford tangu utotoni. Mwaka 1976, akiwa nyota wa dunia, akawa mwenyekiti wake, timu ikiwa daraja la nne. Mwaka uliofuata akamleta kocha kijana, Graham Taylor. Kufikia 1982 walikuwa wamepanda mpaka daraja la kwanza, na 1983 wakamaliza nambari mbili nyuma ya Liverpool. 1984 wakafika fainali ya FA, wakapigwa na Everton mbili bila, na Elton alionekana akilia kabla hata mpira haujaanza.

"Shabiki akipata pesa ni baraka," Baba akasema. "Tajiri akijifanya shabiki ndiyo hatari. Sasa wewe mweka hazina, niambie huyu wenu ni yupi."

Sikuwa na jibu. Lakini nilianza kuona kitu katika hadithi ya Watford. Elton hakuibadilisha jina iwe lake. Alimtafuta mtu anayejua mpira, akamwachia mpira. Na Taylor hakuwa mtu wa kumwogopa bosi: Elton mwenyewe amesimulia jinsi kocha alivyomkabili kuhusu ulevi wake. Mwenye timu alikuwa na mtu wa kumwambia hapana. Sisi nani angemwambia Msanii hapana? Meneja wake?

*

Jumamosi nikaenda Kawangware. Kutoka kwetu natembea: natokea Toi, Adams, nafuata Ngong Road, nakata Naivasha Road mpaka Congo. Ni kama saa moja ukitembea bila kusimama kwa mahindi choma. Anko ana kinyozi pale, viti viwili na kioo kilichopasuka kona, na picha ya Ingwe ya miaka ya themanini, walipochukua kombe la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982 mpaka 1984. Picha hiyo ndiyo mlinzi wa duka.

Kinyozi ni bunge. Nilipotaja tu kwamba msanii anataka kununua timu, hata aliyekuwa ananyolewa aligeuza shingo, karibu akatwe sikio.

"Muziki na mpira ni vitu viwili," akasema mmoja. "Alikiba si alisajiliwa na Coastal Union ya Tanga mwaka wa 2018? Ulisikia akiitwa mchezaji bora?"

"Huyo alikuja kucheza, hakuja kununua."

"Afadhali huyo. Akicheza vibaya anawekwa benchi. Mwenye timu utamweka benchi gani?"

Nikawasomea kwenye simu habari niliyokuwa nimeisoma usiku, ya Bon Jovi. Mzee mmoja hakumjua. Nikamwambia ni mwanamuziki wa roki wa Marekani, mkubwa kweli. Mwaka 2014 mzee aliyeianzisha timu ya Buffalo Bills, ule mpira wao wa kubeba kwa mikono, alifariki, na timu ikawekwa sokoni. Bon Jovi akaungana na matajiri wa Toronto, ng'ambo ya mpaka, kutaka kuinunua. Watu wa Buffalo wakashikwa na hofu: hawa wataihamisha timu iende Kanada. Baa zikakataa kupiga nyimbo zake. Mashabiki wakatangaza maeneo ambayo sauti yake haingii. Akawaandikia barua kwenye gazeti la mji kuwatuliza, hawakutulia. Mwishoni timu ikachukuliwa na familia ya Pegula kwa dola bilioni 1.4, ikabaki Buffalo.

Kinyozi kizima kikawapigia makofi watu wa Buffalo, kana kwamba ni majirani wa Gatina.

"Umeona?" nikamwambia anko. "Walikataa." Nilikuwa nimekuja Kawangware kutafuta mtu wa kuniambia niko sawa, na nilidhani nimempata.

Anko akazima mashine. "Mpwa wangu, kinachokuuma sana ni nini? Jina?"

"Jina, ndiyo. Tutaitwaje timu yetu na jina la mtu?"

"Basi nikuambie kitu. Hii yetu ilianza 1964 ikiitwa Abaluhya. Mwaka wa themanini serikali ikasema majina ya makabila yatoke, tukawa AFC Leopards. Jina lilienda. Uliona isikuti zikinyamaza uwanjani? Babu yako aliacha kwenda? Jina walichukua, timu hawakuweza, kwa sababu watu walikuwepo." Akanitazama kupitia kile kioo. "Kwa hivyo swali langu si jina. Hiyo timu yenu iko na watu wangapi?"

"Arubaini na watatu."

"Mwezi uliopita walilipa wangapi?"

Kitabu kilikuwa kwenye mkoba. Sikuhitaji kukifungua lakini nilikifungua, labda nikitumaini kwamba namba itakuwa imebadilika.

"Kumi na mmoja."

Hakuna aliyecheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Anko akawasha mashine tena. "Basi mnapigania shamba ambalo hamlimi."

Akaendelea huku akinyoa, bila hasira. Akasema hata wakubwa, Ingwe yake na Gor ya Baba, wanajua ugonjwa huo. Mashabiki wanajaza uwanja, wanaimba timu ni yetu, lakini ni wangapi wanalipa uanachama? Ndiyo maana 2019 SportPesa ilipoondoa udhamini, klabu zote mbili zilibaki zikihangaika na mishahara. Gor, iliyobeba kombe la bara 1987, ikawa inachangiwa na wasamaria. "Mtu mmoja akishika chakula cha nyumba yote," anko akasema, "hahitaji kununua nyumba. Ameshainunua."

Nilirudi Kibera nikitembea polepole. Kwa miaka nimekuwa nikijiona mlinzi wa kitu. Kumbe nilikuwa naandika majina ya watu wasiokuwepo.

*

Kuna jambo nimelichelewesha kwa sababu linanitatiza.

Mwaka jana kipa wetu alivunjika mguu. Mechi ya kirafiki, dakika za mwisho, akaruka akaangukia jiwe. Nilizunguka na kitabu siku nne, nikapata shilingi 3,400. Bili ilikuwa mara nyingi zaidi ya hapo. Halafu ghafla ikalipwa, na hatukuambiwa na nani. Nilikuja kujua miezi baadaye kutoka kwa mamake kipa: alikuwa Msanii. Hakupiga picha. Hakuweka popote. Alimwomba mama asiseme.

Kwa hivyo ningesimamaje mbele ya watu niseme yule ni sawa na mtu wa jezi za manjano?

Nikaenda kumwona kipa. Yuko Laini Saba, anatembea vizuri sasa lakini hajaanza kuruka. Nilitarajia aniambie tumpe Msanii timu jana. Alikaa kimya, akizungusha kikombe.

"Alinisaidia nikiwa mtu wa mtaa," akasema. "Nikiwa mali yake, sijui. Mwenye timu akiona kipa amevunjika, si anatafuta kipa mwingine?"

"Wewe unafikiri angefanya hivyo?"

"Sijui. Na pia mimi sitaki kujua. Nataka tu nikivunjika tena, kuwe na mtu wa kuuliza ambaye hawezi kunifukuza."

Hapo ndipo mambo yalikaa sawa kichwani mwangu. Tulikuwa tunajadili kama Msanii ni mtu mzuri. Ni mtu mzuri. Lakini wema wake ulikuwa mali yake, anautoa akipenda. Swali letu lilikuwa: siku asipopenda, nani ana nguvu ya kusema?

Usiku huo nilisoma mpaka simu ikazima. Nikarudi Wrexham, kwa straika wetu. Kuna sehemu hakuisema, labda hakuijua: mashabiki wenyewe ndio walikuwa wamiliki wa klabu tangu 2011, na wale waigizaji hawangeweza kuingia bila wanachama kupiga kura. Zaidi ya asilimia 98 walikubali. Walipewa, lakini na watu waliokuwa na cha kutoa. Nikasoma habari ya Simba, Tanzania. 2017 Mo Dewji, ambaye si mwanamuziki lakini pesa anazo, alishinda zabuni ya hisa za klabu kwa shilingi bilioni 20 za kwao, lakini kwa asilimia 49. Asilimia 51 ikabaki upande wa wanachama. Ujerumani nao wana kanuni kama hiyo tangu 1998: klabu lazima ishike nusu ya kura na moja zaidi. Ile moja zaidi ndiyo iliyonifanya niamke kitandani nitafute kalamu.

*

Nilipeleka karatasi moja kwa kocha na kwa fundi. Ilisema hivi. Timu isajiliwe kwa Msajili wa Michezo, chini ya ile Sheria ya Michezo ya 2013, kama chama cha wanachama, isiwe kampuni ya mtu. Kamati iwe na viti tisa, Msanii na watu wake wapate vinne. Lebo yake ikae kifuani kwa jezi, kubwa, lakini jina la timu libaki. Mweka hazina achaguliwe na wanachama, hata kama si mimi. Na kila mtu alipe mia, Msanii pia.

Halafu mstari wa mwisho, ambao fundi aliusoma mara mbili: asiyelipa hapigi kura.

"Hii ya mwisho itauma watu wetu kuliko yeye," akasema.

"Najua."

Iliuma. Kuna watu walinitukana kwa majina ambayo mathe hajui kwamba nayajua. Mzee mmoja aliniambia yeye ni mwanachama wa damu, damu hailipi. Lakini kufikia siku ya mkutano, kitabu kilikuwa na watu 38 waliolipa. Wengine walilipa jioni ileile, wakihema, kwa sarafu. Straika alilipa wa kwanza kabisa, na akaniambia wazi: "Nalipa ndiyo nikupinge."

Msanii alikuja, na kiti. Nikasoma karatasi. Sauti ilikuwa ikinitetemeka na kila mtu alisikia.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo mimi natoa pesa yote, halafu nina kura nne kati ya tisa."

"Ndiyo."

"Na nalipa mia."

"Ndiyo."

Watu wakacheka, yeye akatabasamu, lakini macho hayakutabasamu. "Mnadhani mimi ni yule wa jezi," akasema. "Nilikuwepo siku ile. Nilikuwa winga. Nilicheza na fulana ya shule."

Hakuna aliyekuwa anakumbuka. Fundi akamtazama vizuri, halafu akaangalia chini. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia kile tu nilichokuwa nacho: "Sisi hatusemi wewe ni yule. Tunasema kitabu kisimtegemee mtu kuwa mzuri. Hata mimi."

Tukapiga kura kwa kuinua mikono, waliolipa tu. Kwa karatasi yangu 21. Kumpa timu yote kama alivyoomba, 15. Wawili hawakuinua mkono, na mmoja wao alikuwa kocha.

Msanii akasema atazungumza na meneja wake. Akatusalimia wote kwa mkono, akaenda kwenye gari. Kijana wake akamfuata mbio, na kiti kikabaki.

*

Hiyo ni wiki ya tano sasa. Hajajibu. Sitakudanganya kwamba tulishinda kitu. Straika amehamia timu nyingine yenye viatu, na Jumapili iliyopita alitufunga mabao mawili, la pili kwa kichwa. Hakusherehekea. Kocha bado analipwa kwa chai. Kuna usiku najiuliza kama niliwanyima watoto viatu kwa sababu ya hesabu niliyosoma kwenye simu.

Mwezi huu wamelipa 36. Wawili wamepungua, nimewaandikia ujumbe. Baba amejiandikisha, na anko naye kutoka Kawangware, kwa M-Pesa, akitaka iandikwe kwamba hata kwa timu ya Kibera yeye ni Ingwe. Baba alipoona akauliza kama kuna kipengele cha kumkataa mwanachama.

Kipa ameanza mazoezi, mepesi. Akichoka anakaa kwenye kile kiti cheupe, ananyoosha mguu. Sasa kina ufa mmoja na matope ya Kamukunji, na hakuna anayekipangusa kabla ya kukalia.

Jina la Msanii nimeliandika kwenye kitabu, nambari 46, chini ya anko. Nafasi ya mia yake iko wazi. Nimeliandika kwa penseli.